Kuku wa Kaburi la Mitopetope

Mtani wangu Jumbe Mwinshehe,

Wewe Mzaramo uliyelala chali wakati wenzio wanapalilia, mie Mihambo nakuandikia. Kwanza ujue, na hao majirani zako wa huko uwatangazie, kwamba aliyekuzika Mitopetope ni mie. Mie peke yangu. Nilisimama kando ya kaburi lako, nikamkazia macho Bwana Afya wa Serikali, nikamwambia: mzee huyu hatoki hapa, na wewe na Mzungu wako na gari lenu rudini mlikotoka. Wakarudi wameinamisha vichwa.

Basi. Nimeisoma hiyo mara ya pili na kalamu yenyewe imeona haya. Sikusimama. Nilikuwa nimelala. Wala sikulala kando ya kaburi, nilikuwa ndani yake, kwenye mwanandani wako, pale ubavuni walipochimba pa kukulaza wewe, nimejikunja kama mbwa wa jikoni na udongo umenijaa puani. Bwana Afya sikumwona mpaka mambo yalipokwisha kuharibika. Na nilichosema mle ndani... nitakuambia mbele, nikishapata moyo.

Usinicheke mwandiko. Kule Tabora kwa wamisheni nilisoma vizuri mpaka walipoleta hesabu za kugawanya, nikaona hizi za kwao, nikatoroka. Halafu najua wewe kusoma hukujua hata jina lako, kwa hiyo barua hii utasomewa na malaika, na malaika nadhani si Wazaramo wala Wanyamwezi. Kwa ajili yao naeleza jambo moja, wasije wakadhani nakukosea adabu. Enyi malaika, mimi na huyu mzee ni watani. Mababu zangu walishusha mizigo kutoka bara mpaka pwani, mababu zake wakawapokea kwa matusi, na toka hapo Mnyamwezi na Mzaramo wana ruhusa ya kutukanana na ni mwiko kukasirika. Siku ya msiba ndiyo sikukuu yetu. Mtani anamwigiza maiti, anamsema vibaya, anazuia jeneza, analala kaburini na kutangaza kwamba hapa hazikwi mtu, mpaka apewe kuku wake. Akipewa anatoka, maiti anazikwa, na waliofiwa wamecheka kidogo. Ndiyo kazi. Sasa msomeeni.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilikuwa nimebeba mizigo ya Mjerumani, nikabeba ya Mwingereza, mzigo ni uleule, vita vikaisha nikateremka Dar es Salaam nikabeba tena bandarini. Nikasikia kuna jumbe huko nyuma ya Buguruni anatoa viwanja kwa wageni. Nikaja, nikakupigia hodi, ukatoka unatafuna.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, Jumbe."

Ukamgeukia mkeo Mwanaidi. "Mama Athumani, nimemkosea nini Mungu? Ameniletea mtani mpaka mlangoni."

Ukanipa kiwanja kile cha bondeni yanapotuama maji yote ya kijiji. Nikalalamika, ukasema Mnyamwezi halowi, ngozi yake imezoea. Miaka yote hiyo masika yakija nalala na vyura, na kila asubuhi unapita kuniuliza wameamkaje.

Mitopetope ilikuwa mji wenyewe wakati ule, si kitongoji cha mtu. Babu yako ndiye aliyepanda ile mitopetope, na akazikwa palepale nyuma ya nyumba, na baba yako ubavuni mwake. Serikali ilikupa kofia nyekundu na joho, ukakaa barazani kuamua kesi za mbuzi na za wake za watu, na hukumu zako zilikuwa ovyo kabisa, lakini kila mtu alirudi nyumbani ameshiba kwa sababu Mwanaidi alikuwa anapikia kesi. Dar es Salaam ilikuwa mbali. Mtu akitaka kwenda mjini anafunga viatu kamba, anavitundika begani, anavivaa akifika darajani. Sie tulikuwa tunakwenda mjini. Hatukujua kwamba mji nao una miguu.

Siku walipokuja wale vijana wa kupima, na minyororo yao na vijibendera vyekundu, ulidhani ni ngoma. Ukatoka na kofia yako.

"Bwana mdogo, mstari huo unakwenda wapi?"

"Moja kwa moja, mzee. Ndio mpaka wa mji."

"Moja kwa moja ni chumbani kwangu."

"Basi utapita chumbani, mzee."

Na ukapita kweli! Kitanda chako kikawa mjini, jiko la Mwanaidi likabaki shamba. Nyumba moja, serikali mbili. Na kwa kuwa mjini kunywa tembo bila kibali ni kesi, wewe Jumbe mzima, hakimu wa watu, ukawa unabeba kibuyu chako unatoka chumbani kwa heshima, unavuka mstari, unakaa jikoni kati ya vyungu, unakunywa dawa yako ya kifua. Dada yako Bi Tatu, yule mwenye ulimi, alikuwa anakuuliza mbele za watu: "Kaka, leo uko mjini au uko shamba?" Nawe unamjibu: "Miguu iko mjini, dada. Mdomo uko shamba."

Katika siku hizo ndipo Mwanaidi alipotuacha. Tulimzika nyuma ya jiko, upande wa shamba, karibu na babu yako, na hakuna aliyetuuliza. Nilikutania siku ile mpaka ukanirushia kiatu. Watu walipotawanyika ukabaki umechuchumaa pale, nikakusikia unasema, si kwa kunisemesha mie: "Na mie hapa, ubavuni. Asiniweke mtu pengine." Nikajifanya sijasikia. Mtani hasikii mambo hayo.

Kisha wakaja na mstari wa pili, mrefu kuliko wa kwanza, ukatumeza sote, jiko na vyura na makaburi. Tulilala watu wa shamba tukaamka watu wa mjini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenunua suruali. Mzungu wa mji akaitisha baraza akasema, na mkalimani wake akageuza: mbuzi wafungwe, ngoma kwa kibali, nyumba mpya zijengwe kwa mstari, na kuanzia mwezi ujao maiti wote wapelekwe makaburi ya mji, ni marufuku kuzika majumbani. Watu wakaguna kwa mbuzi. Wewe ukasimama kwa maiti.

"Bwana, mke wangu yuko hapa."

Mkalimani akapeleka, akarudisha. "Anasema huyo alizikwa zamani, atabaki palepale."

"Na mie?"

"Anasema wewe hujafa."

"Ndiyo maana nauliza sasa!"

Baraza zima lilicheka, Mzungu naye akacheka bila kujua anacheka nini. Wewe hukucheka. Ulirudi nyumbani ukapanda kitandani, ukatuita, ukatuaga mmoja mmoja, maana uliamua ufe kabla mwezi haujaandama, amri isikukute. Athumani mwanao akaletwa kutoka kazini kwake reli. Bi Tatu akalia. Mie nikaanza kujiandaa na matusi mapya. Ukalala pale siku kadhaa, unakula uji wa asubuhi, unakula wali wa mchana, unauliza mchuzi mbona mwepesi, na kufa hufi. Mwezi ukaandama ukiwa mzima kama jembe. Ukaamka, ukavaa kofia yako, ukasema na kifo nacho siku hizi kinataka kibali.

Nilikuchekea sana kwa hilo. Lakini toka siku ile, kila tukikaa, katikati ya maneno ya samaki au ya mvua, unaniuliza ghafla: "Mihambo, wataniweka wapi?" Nami najibu nitakutupa bondeni kwa vyura.

Basi ukafa masika yaliyofuata, kwa kikohozi kilekile cha siku zote, bila kutuaga hata kidogo. Kuaga ulikwisha aga.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa na ugomvi kabla hata hujaoshwa. Athumani, amevaa kaptula yake ya reli, anasema: "Shangazi, tukimzika hapa watatufunga. Nimeshamwuliza mtu wa lori, yuko tayari kumpeleka makaburi ya mji." Bi Tatu akamwambia: "Watufunge. Gerezani kuna kuni za kununua? Baba yako analala kwa mkewe." Athumani akaangalia chini. Mwalimu Kibwana, anayetusalisha, akasema ardhi yote ni ya Mungu, kisha akaongeza polepole kwamba pengine Serikali haijaambiwa. Wachimbaji hawakungoja wamalize. Walikuwa wamekwisha fika kiunoni, palepale ubavuni kwa Mwanaidi.

Nami nikafanya kazi yangu, mtani, naapa niliifanya. Nilivaa kofia yako nyekundu, nikafunga mto tumboni, nikatembea kwa ile mikogo yako kama bata aliyekalia yai, nikakaa barazani pako nikamhukumu Mwalimu Kibwana alipe mbuzi kwa kosa la kuwa na ndevu. Wanawake wakacheka huku wanajifuta macho kwa kanga. Athumani alicheka akakimbilia nyuma ya nyumba. Jeneza lilipotoka nikalitangulia mbio, nikaruka ndani ya kaburi, nikaingia mwanandani nikalala.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Mahali pazuri namna hii, mwanamke mzuri jirani, apewe mvivu? Nalala mie!"

"Toka Mihambo, tope hilo, utapata homa," akasema Mwalimu Kibwana kutoka juu.

"Kuku wangu!"

Maana nilikuwa nimeshamwona. Toka alfajiri Bi Tatu alikuwa amemfunga mguu kwenye mkorosho pale wanawake walipokaa, mtetea mweupe, mnene, mapaja yanagongana. Tulikuwa tumeangaliana mie na kuku yule, tukajuana.

Hapo ndipo niliposikia gari. Likanguruma, likazama, likanyamaza. Barabara yetu ya masika unaijua. Kisha nikasikia watu wananyamaza mmoja mmoja, kutoka nje kuja ndani. Kisha sauti ya kijana, ya shule, imepigwa pasi:

"Nani msimamizi hapa? Mimi ni ofisa wa afya wa mji. Ni marufuku kuzika mahali hapa."

Kimya. Hakuna aliyejibu. Nadhani ndicho kilichomtia wasiwasi, maana sauti ikapanda, na ilipopanda ile pasi ikatoka:

"Nimesema ni malufuku! Hii ni amli ya mji! Hazikwi mtu hapa!"

Mtani, nilikuwa nimelala chini ya ardhi lakini nywele zilinisimama. Malufuku! Amli! Huyo alikuwa ndugu yangu, ametoka kijiji cha karibu na changu. Mie mwenyewe pwani imeninyoosha ulimi, lakini nikishikwa na hasira zile r zote zinakimbia. Na kama mie nimemtambua, dada yako angemkosa?

"Haa!" nikamsikia Bi Tatu kutoka kwenye mkorosho. "Hamsikii nyie? Mnyamwezi huyo! Mtani mwingine kaja!"

Vigelegele vikalia mpaka udongo ukaniangukia.

"Mimi siyo mtani! Mimi ni Selikali!"

"Eee! Selikali!" Watu wakaangua. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kustahi kabisa: "Huyu anajua kazi. Hata Mihambo hamfikii."

Kauli hiyo niliisikia vizuri sana.

Kijana akasema atatufunga sote. Wakamshangilia. Akasema maiti huyu anamchukua sasa hivi. Wabebaji wakamwambia mchukue, mzito huyo, na jana alikula wali. Kila alivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kuwa mtani bora. Mie miaka yote nimetania nikiwa nacheka ndani, huyu alikuwa hacheki hata chembe, ni ufundi wa juu sana. Nikasikia wanawake wanakuja mbio, nikasikia puu, unga wa muhogo huo, wamempaka. Nikasikia mtu anasema mfungeni kanga juu ya kofia. Kisha Bi Tatu akatamka yale maneno.

"Mpeni kuku wake atupishe."

Na kuku wangu akapita juu ya kaburi akilia.

Sasa nakuambia nilichosema. Nilijiinua kwenye kiwiko, nikapaza sauti yangu yote: "Jamani! Huyo si mtani! Huyo ni Serikali kweli! Amri ni ya kweli, msizike!"

Ndiyo. Mie. Kwa ajili ya mtetea. Wewe umeniuliza mwaka mzima watakuweka wapi, na siku ilipofika, mtu pekee wa Mitopetope aliyesimama upande wa makaburi ya mji ni mtani wako wa bondeni. Wala sikusimama, nilikuwa kwenye kiwiko.

Na unajua nini kilichokuokoa? Hakuna aliyeniamini. "Nyamaza wewe wa chini, una wivu!" Watu walicheka mpaka mmoja karibu anidondokee. Nimewadanganya watu wale miaka na miaka, ndiyo kazi yangu, na siku moja niliyosema kweli ikahesabiwa kuwa uongo wangu mzuri kuliko wote.

Athumani na wachimbaji wakanivuta kwa miguu wakanitoa. Ndipo nilipomwona. Kijana mwembamba, soksi zimefika magotini, uso mweupe kwa unga kuliko wa Mzungu wake, kofia ya Serikali imefungwa kanga, na kuku kwapani, hajui amweke wapi. Akaniona nilivyojaa udongo. Akaniuliza kwa kwetu, taratibu:

"Babu, unafanya nini ndani ya kaburi la watu?"

"Namzika mtani wangu," nikamjibu, kwa kwetu vilevile.

Akaangalia jeneza. Akaangalia lile kaburi la Mwanaidi na lile jipya, yalivyokaa pamoja. Watu walikuwa wanangoja acheze tena. Akasema, na ni mie tu niliyeelewa: "Baba yangu alizikwa mie niko shule. Sijui nani alimlalia kaburi."



Kisha kijana yule akavuta pumzi, akamwinua kuku juu watu wote wamwone, akapaza ile sauti ya amri: "Kuku gani huyu? Amekonda kuliko maiti! Kwa kuku huyu mmoja hazikwi mtu hapa!"

Mtani, ungefufuka. Mikorosho ilitikisika. Bi Tatu akaja mwenyewe na madafu mawili, akamwekea miguuni akapiga goti. Kijana akayatazama, akasema: "Haya. Mzikeni upesi, kabla sijawa Selikali tena."

Tukakuzika upesi. Hujawahi kufanyiwa jambo upesi namna ile. Mwalimu Kibwana alisoma kama mtu anayekimbiwa na basi. Na Bwana Afya alivua kofia, kanga na yote, akatupa udongo wake pamoja na wetu.

Nikamfuata mpaka barabarani, nasema kweli nilikuwa namfuata kuku. Mzungu alikuwa amekaa garini, magurudumu yamezama, anavuta kiko. Akamwona mtu wake anakuja na unga na kuku na madafu. Wakaongea Kiingereza. Mie sikijui, lakini Athumani anakijua kidogo cha reli, naye ndiye aliyenigeuzia. Mzungu aliuliza vipi. Kijana akajibu tumechelewa, wamekwisha zika. Mzungu akauliza, na huyo kuku? Kijana akafikiri kidogo, akasema: "Ushahidi."

Vijana wetu wakalisukuma gari likatoka. Kuku alikuwa anatazama nyuma dirishani.

Nikarudi nyumbani kwangu bondeni. Kuku sina. Mtani sina. Nikakaa na vyura.

Siku ya kuanua tanga nilimwambia Bi Tatu: dada, siku ile mlikosea, yule alikuwa Serikali ya kweli. Akanitazama kama anavyotazama samaki aliyelala. "Mihambo, mie kofia ya Serikali naijua toka Mjerumani. Wewe ndiye uliyetaka kuniharibia." Akaendelea kuchambua mchele.

Sasa nikupe habari za mjini, maana ndiko tunakokaa. Tuna bomba, na foleni ya bomba, na ugomvi wa foleni ya bomba. Tuna basi linalokuja mpaka kwenye baraza lako la zamani, na Bi Tatu anauza vitumbua hapo, anawatukana abiria wa kila kabila bila kuuliza kama ni watani. Wameweka bango la jina letu. Limeandikwa MTOPETOPE. Tulipeleka malalamiko kwamba mitopetope ilikuwa mingi. Wakaja wakakata miti kupitisha barabara, umebaki mmoja. Sasa bango ni sahihi. Serikali inaona mbali. Nyumba mpya zimepangwa kwa mstari, milango yote inatazama upande mmoja kama watu wanaomngoja Mzungu apite, na mlevi akirudi hajui ya kwake ni ipi, jambo ambalo wewe lingekufaa.

Bwana Afya alirudi, peke yake, kwa baiskeli. Akazungushia makaburi yenu ua wa minyaa, akasema hapa pamefungwa, mzee yule ndiye wa mwisho, na barabara imepindishwa kidogo ipite kando. Kweli imepinda. Madereva wanalaani kona ile, hawajui wanakulaani wewe. Akakaa na mie, akaniuliza ulikuwa mtu gani. Nikamdanganya mpaka jua likazama. Kuku hakumtaja, nami sikumtaja, tuna heshima.

Kwa hiyo umelala unapotaka. Nami nakuahidi hivi: maadamu nina mikono nitapalilia hapo pako na pa Mwanaidi, na kila Ijumaa nitapita kukutukana kwa sauti, ili yeye naye asikie ajue hujasahauliwa. Kwaheri basi, Jumbe. Usimpige teke mkeo usingizini.

Ila kuna jambo dogo unalodaiwa. Mie nilikutania siku yako. Zamu ya kunitania siku yangu ni yako, na umeikwepa kwa kutangulia, kama ulivyokwepa kulima. Mie nitapelekwa makaburi ya mji, katikati ya watu nisiowajua. Jirani yangu mpya ni mwalimu kutoka Moshi, mtu mwema. Nilimwambia ana pua kama ya kiboko, akaenda kumwuliza mkewe wamenikosea nini. Na Athumani wako ndiyo kabisa. Ananiamkia shikamoo Mzee Mihambo, ananiletea sukari, amekuwa na adabu ya kutisha. Naiona siku yangu inavyokuja: watasimama kimya, watasema nilikuwa mtu mzuri, watanifukia kama karani.

Naomba umwingie Athumani ndotoni. Usimtishe, wala usimweleze mambo ya huko. Mfundishe tu kuruka kaburini, na umpe tusi moja la kuanzia. Akikosa la kusema, mwambie aanze na masikio yangu. Hapo hata mwanafunzi hakosei.

Mtani wako wa bondeni,
Mihambo